Neno la Jumapili: Tusimshushe Ukutani
Somo: Nehemia 6:1-15



Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, Sanbalati na Geshemu walimtumia ujumbe mara nne: ashuke waonane katika bonde la Ono. Mara zote nne alijibu kwamba kazi aliyonayo ni kubwa, hawezi kuiacha. Ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Vijana wetu wa darasa la 12 nao wako ukutani. Baadhi ya shule hapa Marekani humtaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike tasnifu: achague swali lake, asome, ahoji watu, aandike kurasa nyingi, kisha asimame mbele ya walimu ajibu maswali yao. Wengi wetu wazazi hatukufanya kazi ya namna hiyo. Tunamwona mtoto kwenye kompyuta hadi usiku, tunadhani anacheza.

Tumezoea kulaumu simu na marafiki wabaya. Lakini binti yetu mmoja alituambia neno lililotunyamazisha. Wiki moja alikwenda hospitali kumtafsiria mama, akaenda ofisi ya nyumba kumtafsiria baba, usiku akabaki na wadogo zake wazazi wakiwa kazini. Tasnifu ilibaki ukurasa wa tatu. Hakuwa analalamika, alikuwa anaomba.

Ndipo tukaona kwamba anayemwita mtoto ashuke, mara nyingine ni sisi. Hatuna nia mbaya kama Sanbalati, ila kazi inakwama vilevile.

Hatusemi watoto waache kusaidia. Kuwaheshimu wazazi ni amri. Lakini hospitali ina wajibu wa kutupatia mkalimani bila malipo. Tumwombe. Watoto wadogo, majirani tupokezane kuwaangalia, kama watu wa Nehemia walivyogawana ukuta, kila mmoja na sehemu yake.

Nanyi vijana, msinakili kazi ya mwingine, wala msiiachie mashine iwaandikie. Siku ya maswali mtasimama wenyewe.

Kuanzia leo, baada ya ibada, wazee watakaa na kila kijana atueleze tasnifu yake kwa Kiswahili. Akiweza kumweleza bibi akaelewa, hatawaogopa walimu.

Bwana aliyeitia nguvu mikono ya Nehemia aitie nguvu na mikono ya watoto wetu, wamalize. Amina.