Kosa Si Uwongo

Je, mtu asemaye neno lisilo kweli amevunja Amri ya Nane? Hesabu yaweza kutoa jibu.

Padri Marin Mersenne, mtawa wa Paris, aliandika mwaka 1644 kwamba 2 ikiandikwa mara 67 na kuzidishwa zote pamoja, kisha ikatolewa 1, hupatikana namba tasa, yaani namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni namba kubwa: 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakupata namba zinazoigawanya. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole wa Marekani alizionyesha: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Basi Padri alikosea. Utawa wake haukuifanya namba ile kuwa tasa hata siku moja, maana ukweli hautii cheo cha mtu. Lakini hakusema uwongo. Uwongo ni kusema kinyume cha yale ayajuayo moyo. Kosa ni kutokujua.

Walakini hatari ipo baada ya kosa. Mwalimu akionyeshwa na mtoto mdogo hesabu mbaya ubaoni, akaifuta na kuandika iliyo sawa, heshima yake haipungui. Akikataa kwa kuona haya, hali ameona wazi, kosa lake limekuwa uwongo. Kwa hiyo mpenda Mungu asiogope kusahihishwa, kwani Mungu ndiye Ukweli wenyewe.