Mzaha wa Vifaa na Fadhaa ya Jirani

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni waliyapima tangu kale, na ambayo watu wa zama hizi huyapita wakiyaona madogo, limo hili la mzaha: je, ni halali mtu kumtia mwenzake fadhaa, hata kwa dakika chache, ikiwa nia yake ni kuchekesha? Kompyuta imelifufua suala hilo maofisini. Yupo abandikaye karatasi chini ya kipanya cha mwenzake ili mshale wa skrini usisogee. Yupo apigaye picha ya skrini, akaitandaza juu ya skrini ile ile na kuvificha vitu vyenyewe, mwenye mashine akashinda asubuhi akibofya vivuli. Tena kuna kile kidude kilichouzwa Marekani, chembamba, chenye sumaku, ambacho hunasishwa chini ya meza na kulia mlio mfupi kila baada ya dakika chache zisizolingana, ili anayeusikia asijue kamwe unatoka wapi.

Kwa mzaha huo wa kipanya sina neno. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo na kwamba mchezo ndio mapumziko yake, akafika hata kumhesabia kosa mtu asiyecheka wala asiyevumilia kicheko cha wenzake. Ila aliuwekea mzaha masharti, kwamba usidhuru, na kwamba upatane na mtu, mahali na wakati. Waislamu nao wanayo, katika mkusanyo wa Abu Daud, habari ya masahaba waliokuwa safarini: mmoja alilala, mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, mwenyewe akashtuka, na Mtume akabainisha kuwa si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu. Ilikuwa kamba tu.

Sasa lichukue sharti lile la mahali ulilete Rughenda, penye kiwanja cha ndege cha Butembo, mashariki mwa Kongo, au Beni, kilomita zipatazo 50 kwa upande wa kaskazini. Tarehe 27 Juni 2021 bomu la kuundwa kwa mikono lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni, kabla ya misa. Na siku ya Noeli ya mwaka huo huo mtu alijilipua mlangoni mwa mkahawa wa In Box mjini humo, watu wakiwa katika kusherehekea. Karani aliyeyashuhudia hayo, au aliyemzika ndugu kwa sababu ya hayo, akisikia chini ya meza yake mlio asioujua asili, afikiri nini? Aliyekificha kidude anajua kuwa ni betri na sumaku, na kwa kujua huko anacheka. Mwenzake hajui, na kwa kutojua huko anatetemeka. Ubaya wa jambo, kwa maoni yangu, umo humo hasa: maarifa yote yamewekwa upande mmoja na hofu yote upande wa pili, kisha huyo wa kwanza akauita mgawanyo huo urafiki.

Nitaambiwa kwamba watu wa Beni na Butembo nao wana haki ya kucheka, na kwamba kuwanyima mzaha ni kuwazidishia msiba. Wacheke, tena sana. Wazee wa Afrika ya Mashariki walijua kucheka hata baada ya damu: Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, waligeuka watani, wakawa wakitoleana maneno makali hata matangani pasiwepo wa kukasirika. Lakini mtani huja uso kwa uso. Ajulikana ni nani, na alichokitoa atarudishiwa. Kidude kilichofichwa hakina uso wa kurudishiwa neno, na hata kikigunduliwa, aliyekiweka aweza kunyamaza kimya akawaacha wasio na hatia washukiwe. Na katika mji uliokwisha kujaa shuku, hiyo si hasara ndogo.

Basi, ndugu yangu karani, ikiwa umekwisha kukificha, kakitoe leo mbele ya macho ya mwenzako na umtake radhi. Na kesho, kama kicheko bado kinakuwasha, mpindulie skrini juu chini, ukae pale pale akuone.