Ainame, Si Ainamishe

Kiangazi kikikaza Kitui, Ukambani nchini Kenya, Mto Tiva hubaki njia pana ya mchanga. Ukisimama ukingoni utaapa kwamba hamna hata tone. Kumbe maji yapo chini. Anayeyataka hufukua mchanga hadi shimo limfike kiunoni, hupiga magoti, hushusha kata, hungoja maji yachuruzike, na mtungi wa lita 20 hujaa kidogo kidogo. Ni nadra kuiona methali kwa macho namna hii: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shuleni tuliifafanua kwa neno moja, bidii, tukapewa alama zetu. Bidii imo, lakini mvungu una tabia yake: aliyesimama hauoni. Unaweza kusimama chumbani mchana kutwa, na bidii yako yote, usijue kilichomo chini ya kitanda. Kwa hiyo kuinama si bei ya kukipata kitu tu, bali pia ndiyo njia ya kukijua. Halafu kitazame kitenzi. Methali inasema ainame, yeye mwenyewe. Haisemi ainamishe wengine, wala ainamie mkubwa. Tofauti ni silabi moja tu, na Ukambani imewahi kugharimu watu miaka mingi.

Enzi za ukoloni, Makueni, huko huko Ukambani, ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na ardhi huko ilikuwa ikimomonyoka vibaya. Serikali ikalazimisha watu kuchimba matuta: chifu amesimama, raia wameinama. Kazi iliyofanywa hivyo ilichukiwa, na haikuwa na mwenyewe. Mambo yalibadilika kazi iliporudi mikononi mwa mwethya, ile desturi ya majirani kusaidiana shamba kwa shamba, na vikundi vikaanza kujichagulia viongozi. Wengi wao wakawa wanawake. Hawakuwa na kofia ya serikali wala mshahara. Walichokuwa nacho ni kujua: nani anauguza mtoto leo, nani ana maneno mengi na jembe safi, shamba la mjane lianze lini kabla ya mvua za Oktoba. Mambo hayo hujulikana na aliye ndani ya mtaro pamoja na wenzake. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, yalienea hivyo, na jina lake la Kiswahili likaingia hadi kwenye vitabu vya wataalamu wa udongo ulimwenguni.

Anayetaka kujua uongozi hufunzwaje afike siku linapojengwa bwawa la mchanga. Kitui yapo mamia, mengi yakiwa yamejengwa tangu miaka ya 1990 kwa ushirikiano na shirika la SASOL. Saruji na fundi huletwa. Mawe, maji na mikono ni vya wanakijiji. Ukuta hukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga, na kati ya chembe za mchanga huo maji hukaa miezi, salama dhidi ya jua na mbu. Ila msingi lazima uchimbwe hadi mwamba wenyewe. Ukiishia kwenye mchanga, maji yatapita chini na jasho lote litakwenda na mto. Basi siku ya tatu, wakati migongo inauma na mwamba haujaonekana, lazima awepo mtu wa kusema bado, tuchimbe. Akisema hivyo aliyekaa kivulini, majembe yatawekwa chini. Alisemalo aliyemo shimoni, tope hadi magotini, litanung'unikiwa kisha litafanywa. Aristotle aliona kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga. Mwethya ungemwongezea kwamba ajenge pamoja na watu wanaoweza kwenda nyumbani wakichoka naye.

Nisiipambe methali kupita kiasi. Sharti si ahadi. Wako akina mama walioinama maisha yao yote bila mtu kuwaita hata kwenye kamati ya kisima. Na wako wanaoinama kila miaka mitano tu, msimu wa kura, wakimwamkua kila ajuza sokoni. Hao wanainamia; wakishapita, mgongo hunyooka kama mlingoti.

Hata hivyo njia ya kutoka shimoni hadi ofisini ipo. Charity Ngilu alikuwa akijishughulisha na vikundi vya akina mama Kitui kabla ya kuingia Bungeni 1992. Mwaka 1997 akawania urais, na 2017 akawa gavana wa Kitui. Makueni, chini ya Kivutha Kibwana, gavana kuanzia 2013 hadi 2022, wananchi walichagua kamati za maendeleo kuanzia kijiji, wadi, hadi kaunti, na kila mradi ukawa na kamati yake ya kuusimamia. Kazi isiporidhisha, kamati haitii sahihi ya malipo. Katika kamati hizo hukosi mama aliyejifunza kuhesabu mifuko ya saruji kwenye bwawa la kijiji chake. Mkandarasi anayemletea karatasi asishangae kumkosa kwenye kiti. Atamkuta msingini, ameinama, fimbo mkononi, anapima kina.