Je, Aliyepotewa na Mali Aweza Kununua Bila Kuuliza?

Amri ya kutoiba twaijua tangu utoto, na walimu wetu huipita upesi darasani kama neno lisilo na fumbo. Nasi tulidhani hivyo, hata safari yetu ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo ilipotuonyesha kwamba twaijua nusu yake tu.

Tulikuwa na simu mpya, ile ya kupangusa kwa kidole, tuliyoinunua kwa shilingi 380,000 tulizoziweka akiba muda wa mwaka mzima. Ilikuwa nasi siku kumi na mbili. Gari liliposimama Makere tuliwaona wazee wawili tuliowafahamu, nao ni Waha wa desturi ya kale, ambao salamu yao si ya kupita mbio: hupiga makofi pole pole, huulizana habari za nyumba, za mashamba na za mvua, na mikono yote miwili yatakiwa. Basi tukaiweka simu kitini, tukashuka, tukasalimiana. (Salamu ile hatuijutii.) Tulipoikumbuka simu tulikuwa tumekwisha kupita Mvugwe. Abiria mmoja akatupigia namba yetu. Ikaita mara mbili, kisha ikazimwa. Simu iliyoanguka chini ya kiti haijizimi yenyewe. Tukajua kwamba mkono wa mtu umekwisha kuishika.

Kibondo tulitoa taarifa polisi, tukarudishiwa laini siku ile ile, kwa kuwa tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Tukaweka kidole, na fedha iliyokuwamo ikaonekana salama. Lakini simu yenyewe haikupatikana, pamoja na majina yote ya wagonjwa tuliyoyaandika ndani yake.

Kesho yake sokoni kijana mmoja akatujia.

“Shikamoo, Mchungaji. Nimesikia umepotewa na simu. Ninayo hii, nzuri. Nipe laki moja tu.”

“Marahaba, mwanangu. Ni ya nani?”

“Ya dada yangu. Amelazwa, nasi twatafuta fedha ya dawa.”

Laki moja! Twaungama kwamba neno la kwanza lililotujia moyoni halikuwa swali. Lilikuwa hili: Sisi tumeibiwa, basi hii ni fidia yetu. Kana kwamba Mungu humlipa mchungaji wake kwa mali ya mtu mwingine! Maana yule aliyeizima simu yetu njiani, afanye nini nayo? Hawezi kuila. Yamngoja mtu mmoja tu, mnunuzi asiyeuliza, na mnunuzi huyo akikosekana, simu ile ni mzigo mfukoni mwake. Hapo sokoni tulikuwa karibu kuwa mtu huyo kwa mwenzetu tusiyemjua. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 311, humhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali akijua kwamba imeibwa, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Naye Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aliweka biashara ya hila chini ya amri hii hii, pamoja na wizi wenyewe.

Wala kuuliza si kazi ngumu. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# yatokea, nayo huandikwa pia juu ya boksi iliyonunuliwa nayo. Kwa namba hizo Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia mwezi Juni 2016. Basi boksi, risiti, na namba zipatane. Mwenye mali halali aweza kuvionyesha.

Hayo yote ni kweli, nasi tuliyafanya. Lakini tuliyafanyaje? Tuliuliza kwa sauti ya mimbarani, watu wakisikia: “Boksi li wapi? Risiti i wapi? Haya, twende kwa huyo dada yako!” Watu wakageuka. Mmoja akacheka, mwingine akatamka neno “mwizi”, nasi hatukumkanusha. Kijana akaifunga simu katika kitambaa, akaondoka asiseme neno. Tukaingia dukani, tukanunua simu ndogo ya vitufe kwa shilingi 35,000, tukapewa risiti, tukalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Siku ya pili adhuhuri alirudi pamoja na mama yake. Boksi lilikuwa limebaki kijijini, naye alikuwa amelifuata kwa baiskeli. Tukasoma namba zile, moja baada ya moja, zote 15; zikapatana. Twawauliza makatekista wanaosoma haya: iliyotuzuia tusimwite kando yule kijana ilikuwa nini, kama si hasira ya Makere, tuliyoibeba hata Kibondo tukamtwika asiyehusika? Amri moja tuliishika kwa kuivunja ile inayoifuata.

Mama hakutulaumu. Aliuliza tu kama bado twanunua. Fedha yetu ilikuwa imepungua, tukampeleka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akitafuta simu, naye akainunua kwa laki moja na nusu. Tukaomba radhi, mama akaipokea. Kijana alisimama nje, karibu na baiskeli yake, akitazama barabara.