Mgeni wa Siku ya Tatu

Watanzania wengi wameshafika Korogwe bila kuijua. Basi la Moshi au Arusha linasimama, kondakta anatangaza dakika kumi, watu wanashuka kuchimba dawa, wanarudi na chipsi na machungwa, safari inaendelea. Siku hizi hata hilo si lazima. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo mtu anaweza kuuvuka Mkoa wa Tanga akiwa amelala na bado akasema njia ile anaifahamu. Handeni, iliyo nje ya njia kuu, ina bahati mbaya zaidi: mjini inajulikana kwa utani wa waganga, kwamba mtu wa Handeni usimuudhi.

Kwa upande mwingine kumezuka mtindo wa vijana wanaofanya kinyume cha hayo. Wanaomba likizo, wanabeba mkoba mgongoni, wanapanda treni badala ya basi (ile ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019, na Korogwe inasimama), wanakwenda mji kwa mji bila haraka. Ukiwauliza, wanasema wamekwenda kujitafuta. Siwacheki. Ni afadhali kijana anayepoteza muda wake ndani ya nchi yake kuliko anayeijua kwa simu tu. Shaka yangu iko kwenye imani inayowasukuma: kwamba maana ya maisha ya mtu imelala mahali fulani njiani, na akienda taratibu vya kutosha ataiokota.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia methali hii kwa sauti ya mwenyeji aliyechoka kulisha. Mimi nataka kuisoma nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa mgeni. Siku mbili za mwanzo mgeni anakirimiwa. Kuku anachinjwa, anapewa kiti chenye mgongo mzima, watoto wanaambiwa wasipige kelele. Kila kitu anakiona kizuri kwa sababu hakuna kinachomgharimu. Siku ya tatu anapewa jembe, na hapo ndipo anapoanza kuhesabiwa. Akilima vibaya atachekwa. Akichelewa shambani ataulizwa. Anaweza kutumwa, kukopwa, kulaumiwa. Utalii wote, wa ndani na wa nje, mwisho wake ni siku ya pili, hata ukidumu miezi mitatu. Maana tunayoitafuta safarini, ninavyoona mimi, haianzi kabla ya jembe.

Watu husifu mwendo wa polepole kana kwamba una fadhila ndani yake. Anayeamini hivyo na aingie mashamba ya mkonge ya Korogwe. Mmea wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa miche 62 tu. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaifuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Waliokata majani hayo Ngombezi, Magunga na Hale walitoka Kigoma, Songea, Mbeya, Urundi, Msumbiji. Wengi wao walitembea kwa miguu majuma mengi. Kuanzia 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandika vibarua, iliyowasomba kwa malori na treni. Ndio walioitwa manamba.

Hawa waliivuka nchi polepole kuliko msafiri yeyote wa leo. Waliona kila mto, walilala chini ya kila nyota. Hakuna aliyesema walikuwa wanajitafuta. Walikuwa wanatafuta pesa za kodi ya kichwa. Walipofika walipewa kipande, kadi ya kujazwa siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuandikwa. Kazi yenyewe haijabadilika sana: jani linakatwa shinani, mwiba wa nchani unaondolewa, majani yanafungwa mafungu na kupangwa kando ya njia. Asiyeuondoa mwiba vizuri anamchoma mwenziwe atakayepokea mzigo. Ukimtazama mkataji kwa karibu, makovu yake yako mikononi na mapajani.

Kwa hiyo mwendo wa taratibu peke yake hautoi kitu. Unaweza kuwa anasa ya mwenye akiba au adhabu ya asiye na nauli. Lakini historia ya manamba haikuishia kwenye kipande, na hapa ndipo inaponikamata. Wengi hawakurudi. Walioa, walizika watoto wao, walipanda miembe nyuma ya kambi. Bei ya mkonge ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na mashamba yakachoka, wao walibaki. Leo wapo watu wa Korogwe wanaojiita Waha na Kigoma hawajawahi kuiona. Nchi nzima ilikuja kwa miguu ikakaa mahali pamoja. Mtu anaweza kuizunguka Tanzania kwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine katika kambi ya zamani, mradi akubali kukaa na kusikiliza nani alizaliwa wapi na nani alimfuata nani.

Mpinzani wangu anaweza kuniambia kwamba hayo yote yako vitabuni, kuna haja gani ya kwenda? Mfano wake mzuri ni Immanuel Kant. Mwanafalsafa huyu aliishi Königsberg na pembezoni mwake maisha yake yote, na kwa miaka takriban 40 aliwafundisha wanafunzi wake jiografia ya dunia. Alisoma safari za wengine akazijua. Naukubali ujuzi wake. Lakini ni Kant huyohuyo aliyeandika juu ya Waafrika maneno ya dharau ambayo leo hata wanaompenda wanayaonea haya. Sisemi safari ingemponya. Wapo wakoloni waliokanyaga kila kijiji chetu wakaondoka na dharau ileile. Nasema hakuwahi kuwa mgeni wa mtu yeyote kati ya aliowaandika. Hakuna aliyeweza kumwambia, "Hapana bwana, sivyo." Hakupewa jembe. Mkoloni naye alikuwa hapewi. Yeye ndiye aliyekuwa akiligawa.

Mfano wa upande wetu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, imo habari ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Uzigua ndiyo nchi hii ninayoizungumzia. Handeni ya leo imo ndani yake. Watu wa pwani wa wakati ule walikuwa na kiburi kikubwa kwa watu wa bara. Mtoro alikwenda, akarudi na habari za Wadoe na mila zao, akaziandika kwa Kiswahili. Baadaye alikwenda Berlin kufundisha lugha, akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi Afrika Mashariki na mkewe, wakoloni waliwazuia kushuka pamoja. Wakarudi walikotoka. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Huyu aliijua nchi yake kwa nyayo kuliko wote waliomfungia mlango, na ujuzi ule haukumpa haki ya kuteremka melini na mkewe. Nchi huwa yako pale watu wake wanapokupokea na wenye nguvu wanaporuhusu. Uliyoyaona peke yako hayatoshi.

Mimi nililielewa jambo hili vizuri zaidi kijijini, njia ya kutoka Korogwe kwenda Handeni kupitia Sindeni, nilipokaribishwa kwa bibi wa rafiki yangu. Handeni ina shida ya maji ya miaka mingi. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi ambao watu wanauita HTM, unaochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa bomba hadi Handeni. Bomba lilizeeka, likawa linapasuka, na kwenye vilima maji yalikuwa yakija kwa hesabu. Jioni ya kwanza niliwekewa ndoo bafuni, nami nikaoga kama mtu wa Dar es Salaam. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi iliyofuata nikaona bibi anaosha vyombo kwa maji kidogo, kisha maji yaleyale anayamwagia mche wa papai.

Baada ya hapo sikuwekewa tena ndoo. "Mwanangu, madumu yako pale," bibi alisema, akaniachia na kata ya khanga juu yake. Sikuweza kubeba kichwani. Nilibeba mikononi, moja kila upande, nikipumzika kila baada ya hatua chache, na wasichana wadogo wakanipita na ya kwao vichwani huku wakiongea. Kwenye foleni mama mmoja aliniuliza, "Wewe mgeni wa nani?" Nilijibu jina la bibi. Akatikisa kichwa, akanionyesha nafasi yangu: nyuma ya dumu la njano, mbele ya la yule mzee. Ilikuwa nafasi ya bibi, si yangu. Kama ningeikosea, angesemwa yeye.

Nimefikiri sana juu ya foleni ile. Tangu nianze safari nilikuwa nimejaza daftari kwa mawazo juu ya nafsi yangu, na sasa naona karibu yote yalikuwa hewa. Pale bombani nilikuwa kitu fulani: mgeni wa bibi fulani, mwenye madumu mawili, mwenye zamu. Nadhani maana ya mtu huwa ya namna hiyo. Hukai nayo peke yako mfukoni. Inashikiliwa na wengine wanaojua wewe ni wa nani na wanakungojea ufanye nini. Safari ya taratibu ina faida kwa sababu moja tu: inakupa muda wa kutosha kuwa wa mtu.

Handeni hiyohiyo ina kisa kikubwa kuliko changu. Katika karne ya 19, wakati wa njaa Uzigua, watu wengi walichukuliwa hadi pwani na kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijikusanya kando ya mto Juba. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao alikuwa mwanamke, Wanankhucha, na kwamba walikusudia kurudi kwao. Hawakufika. Vizazi vikapita, lakini Kizigua hakikupotea. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakawekwa Mkuyu, Handeni, kisha Chogo, na baadaye wengi wakapewa uraia. Walikuja kama wakimbizi katika nchi ya mababu zao. Hawakujua barabara hata moja, ila waliweza kuomba maji na kueleweka. Na Chogo walipewa viwanja vya kulima. Methali ilitimia kwao neno kwa neno, baada ya miaka zaidi ya 150.

Sitaki mfano huo utumike kulainisha kila uhamisho. Kuanzia Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni, na kupewa nyumba na mashamba. Serikali inasema wanahama kwa hiari; wapo wakazi wa Ngorongoro na watetezi wa haki waliolipinga hilo kwa nguvu. Kwa hoja yangu, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Jembe analopewa mgeni aliyekuja kwa miguu yake linampa mahali. Jembe hilohilo likitangulia hiari yake linakuwa kipande cha manamba kwa sura nyingine, na wenyeji wa Msomera nao, wanaopokea wageni wasiowaalika, wana haki ya kuulizwa. Wanaosifu kuzunguka nchi kwa raha zao wasisahau kwamba wengine wanazungushwa.

Basi wewe unayepanga safari yako ya mwisho wa mwaka, nakuomba kitu kimoja. Punguza orodha ya mikoa. Shuka Korogwe, au Mombo, au Mkata, popote ambapo una mtu anayemjua mtu, na ukae mpaka uache kukaribishwa na uanze kutumwa. Ukishatumwa, nenda. Na kama mwenyeji wako yuko Handeni, usiimalize ndoo.