Acha Kuiogopa Kerneli

Mpaka lini utaiogopa kerneli?

Unaitumia kutwa. Seva unazohudumia zinaendeshwa na Linux. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na Linux. Hata laptopu uliyonunua Kariakoo ikiwa imeshatumika Ulaya, umeisafisha ukaiwekea Linux. Lakini ukiambiwa usome msimbo wake na kuukagua, unarudi nyuma. Eti hiyo ni kazi ya wakubwa. Eti C yako ni ya darasani. Eti mwakani.

Mwakani lini?

Washa mashine yako, andika dmesg, usome. Si ajabu ukakuta mstari wenye maneno [Firmware Bug]. Hapo kerneli inasema bila kificho kwamba programu dhibiti, ile iliyowekwa kwenye ubao mama kiwandani, imeipa taarifa za uongo. Mtengenezaji akishauza mashine, mara nyingi harudi tena kuirekebisha. Mzigo wote unaiangukia kerneli. Ndiyo maana faili la drivers/pci/quirks.c lina maelfu ya mistari ya kukwepa makosa ya vifaa. Ndiyo maana programu dhibiti ikiuliza kupitia ACPI, utaratibu wa programu dhibiti kuwasiliana na mfumo endeshi, kama inaongea na Windows, Linux hujibu ndiyo, na ikiuliza kama inaongea na Linux, hujibu hapana! Watengenezaji wengi waliijaribu njia ya Windows peke yake.

Kila kiraka (patch) cha kukwepa makosa hayo kinahitaji jicho la mtu kabla hakijapokelewa.

Kwa nini lisiwe lako?

Tazama kilichotokea kwa kibodi. Ukibonyeza herufi, kibodi ya ndani ya laptopu nyingi hutuma ishara kupitia IRQ 1 ili prosesa iache kidogo kazi yake iisikilize. Ishara hiyo huweza kuwa volti ya juu au volti ya chini, na kerneli isipojua ni ipi, utabonyeza mpaka vidole viume. Programu dhibiti hueleza jambo hilo kwenye jedwali liitwalo DSDT. Kerneli, kwa kuwa ilishakutana na majedwali yenye makosa, ilikuwa na desturi ya kuyapuuza kwa ishara hizi za kizamani na kushika kanuni yake: volti ya juu, isipokuwa jedwali jingine, la MADT, liseme vinginevyo. Mwaka 2022 zikaja laptopu zenye prosesa za AMD Ryzen 6000 ambazo jedwali lao lilisema volti ya chini, na lilisema kweli. Kerneli haikuliamini. Kibodi zikawa kimya.

Kiraka kikaletwa: kwenye prosesa za AMD za jamii ya Zen, jedwali liaminiwe. Kifupi, kisafi, kinasomeka kwa dakika moja. Kikapokelewa.

Ungekuwa wewe mkaguzi, ungeuliza nini?

Usinijibu kwamba hujui. Unajua! Ungeuliza kama kila mashine ya Zen, ya kila mtengenezaji, ina jedwali sahihi. Swali hilo halihitaji shahada. Na jibu lake lilikuwa hapana. Baadhi ya watengenezaji walikuwa wameandika taarifa sahihi kwenye jedwali la MADT, wakaliacha la DSDT na makosa yake. Kiraka kilichofufua baadhi ya kibodi kikaleta shida kwa nyingine, viraka vya mashine mojamoja vikaanza kurundikana, na Agosti 2023 kanuni hiyo ya Zen ikaondolewa.

Zaidi ya mwaka mzima!

Waliokiandika ni mafundi hodari, wala siwalaumu. Ninachosema ni kwamba hakuna fundi mwenye kila laptopu duniani mezani kwake. Laptopu yako unayo wewe. Anayetunza sehemu hiyo ya kerneli hataiona maisha yake yote. Wewe ukiendesha dmidecode, unapata jina halisi la ubao na toleo la BIOS. Ukiendesha acpidump kisha iasl, DSDT inafunguka mbele yako, unaisoma mwenyewe kama IRQ 1 ni ya juu au ya chini. Huo ni ushahidi. Wangapi wanao?

Wewe unao. Umeukalia.

Basi kagua kwa ukali. Kiraka kinaitambuaje mashine, kwa jina la ubao au kwa jina la kampuni nzima? BIOS mpya ikitoka na kosa likarekebishwa, kiraka kitaendelea kuizuia mashine iliyokwishapona? Maelezo yake yanamwambia msomaji wa miaka kumi ijayo kosa lilikuwa nini, au yanasema tu kwamba sasa inafanya kazi? Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana kiraka kisicho na sababu hakuna atakayethubutu kukiondoa.

Na usidhani ni mambo ya kibodi tu. Kuna laptopu ambazo mtu aliyefuta mafaili ya efivarfs, yanayowakilisha vigeu vya programu dhibiti, kwa amri moja aliziua kabisa, zisiwake tena, kwa kuwa programu dhibiti yao haikuvumilia kupoteza vigeu hivyo. Toleo la 4.5 la kerneli, mwaka 2016, likayafunga mafaili hayo yasifutike kirahisi. Kiraka cha kukwepa kosa la mwingine kikaokoa mali ya watu.

Sasa niambie tena kwamba huna muda. Muda wa kubishana kuhusu lugha ipi ya programu ni bora unao. Muda wa kutazama video za wengine wakiandika msimbo unao.

Kila kiraka kikipokelewa, majina ya waliokikagua huandikwa chini yake: Reviewed-by. Aliyekijaribu kwenye mashine yake huandikwa Tested-by. Majina hayo hubaki kwenye historia ya kerneli. La kwako liko wapi?

Usingoje mwaliko, hautakuja. Leo usiku pakua msimbo, nenda drivers/acpi/resource.c, endesha git log, chagua kiraka kimoja tu. Kisome mpaka ukielewe. Linganisha orodha yake ya mashine na jibu la dmidecode yako. Kisha mwandikie aliyekituma, kwa adabu na kwa ushahidi, ukianza na swali hili: kiraka chako kinagusa mashine zipi ambazo hukuzijaribu?