Ushahidi wa Mtazamaji

Msomaji, nadhani umepata kuwaona watu wanapotoka katika jumba la sinema. Hutoka wakipepesa macho kama walioamshwa usingizini, na kwa dakika moja au mbili hakuna asemaye neno. Kisha mmoja hufungua kinywa. Husema picha ilikuwa nzuri, au ilikuwa mbovu, au ilikuwa ndefu mno. Na mara wenzake wote hupata ndimi zao. Maneno hayo huzaliwa kando ya njia katikati ya mji wa Nairobi, hupanda matatu pamoja na wenyewe, na kabla usiku haujawa mkubwa huwa yamekwisha kufika Kawangware, Kangemi na Uthiru. Asubuhi yake yamo kwa kinyozi, yamo sokoni, yamo darasani. Mtu ambaye hakuiona picha ile ameijua tayari, na pengine amekwisha kuihukumu.

Jambo hili ni dogo machoni pa wengi. Nani atamdai mtu hesabu ya maneno aliyoyasema njiani juu ya mchezo wa saa mbili? Hata mimi nililiona dogo, na kwa sababu nililiona dogo niliumbuka. Kwa hiyo nakuomba ulipime pamoja nami.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Mwaka huo ilitoka picha iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Inasimulia habari za kijana aitwaye Mwas, mwuza picha za sinema kijijini, ambaye anakuja Nairobi kwa nia ya kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza tu ananyang'anywa alichokuwa nacho, anatiwa korokoroni, na humo anaamrishwa kusafisha choo ambacho mimi nilifumba macho nisikione. Akisha kutoka anaishi maisha mawili: huku yumo katika kundi la wezi wa vipuri vya magari, huku yupo jukwaani akifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Joseph Wairimu, aliyekuwa Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka ule ule, na picha yenyewe ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku niliyoiona nilijua jambo moja tu, kwamba katika giza lile nililia.

Tulikuwa wanne. Tulipotoka nje, mkubwa wetu, kijana fasaha ambaye sote tulimheshimu, alijikohoza akasema, "Picha hii imetuvua nguo mbele ya wageni. Je, Nairobi ni wizi mtupu?" Wawili wakaitikia. Nami, ambaye leso yangu ilikuwa bado imelowa mfukoni, niliitikia vile vile. Sikuona kwamba nimesema uongo. Niliona kwamba nimekuwa mwenzao.

Juma lile nilikwenda Kawangware kumtembelea binamu yangu, mdogo wangu kwa miaka mitano. Mchana alifanya kibarua katika gereji, na jioni aliigiza na kikundi cha vijana katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa amejiwekea akiba ya kununua tiketi. Akaniuliza, "Kaka, picha ile niende?" Nikamjibu kwa maneno ya mwenzangu, neno kwa neno, hata nusura nikiige kikohozi chake: imetuvua nguo mbele ya wageni. Akanishukuru. Fedha ile akanunulia viatu.

Sasa nitazame vizuri, msomaji, kwa maana kosa langu halikuwa kuisema vibaya picha. Mtu ana ruhusa kuisema vibaya picha iliyomchukiza. Wala sikusema juu ya kitu nisichokiona. Nilikuwapo tangu taa zilipozimwa hata zilipowashwa. Kosa langu lilikuwa hili, kwamba niliulizwa na mtu aliyeniamini, naye hakuniuliza mwenzangu ameona nini, aliniuliza mimi. Nikaliweka kando jicho langu nikamwazima jicho la mtu mwingine, wala sikumwambia kwamba ni la kuazima. Mahakamani shahidi wa namna hiyo angeulizwa maswali mawili tu, kisha angeondolewa kizimbani.

Nalitumia neno shahidi kwa makusudi. Maoni juu ya sinema ni ushahidi kabla hayajawa hukumu. Asikiaye hana njia ya kuingia katika giza ulilokaa wewe. Ana neno lako tu, na kwa neno hilo atatoa fedha yake au ataizuia. Kwa mfanyakazi wa kibarua tiketi moja ni sehemu kubwa ya ujira wa siku. Na upande wa pili wapo watu wengine ambao hatuwakumbuki kabisa: mwandishi, mwongozaji, mshika kamera, fundi wa taa, na msichana aliyepita nyuma ya mchezaji mkuu kwa nukta tatu akamwambia mama yake aende akamtazame. Hawa wote huhukumiwa kando ya njia nao hawapo kujitetea.

Ushahidi wa kusikia ni mzee kama sinema yenyewe. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu picha zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Moja ya picha zao mashuhuri, iliyoonyeshwa mwezi uliofuata, ni ya garimoshi linaloingia stesheni. Huenda umesimuliwa kwamba watazamaji wa kwanza walipoliona garimoshi lile likiwajia walipiga mayowe wakakimbia. Kisa hicho kimeandikwa katika vitabu vingi, na mimi nimekisimulia darasani mara nyingi. Walakini wachunguzi wa historia ya sinema walipotafuta ushahidi madhubuti wa siku zile, hawakuupata. Watu wengi wamekuwa wakiwacheka watazamaji wa Paris kwa mbio ambazo hakuna aliyethibitisha kwamba walizipiga.

Huku kwetu jambo hili lina uchungu wake zaidi. Wakati wa ukoloni wakaguzi wa sinema waliweza kuiruhusu picha ionyeshwe Wazungu na papo hapo kuikataza isionyeshwe Waafrika. Mtu mzima mwenye nyumba, mke na watoto aliamuliwa kwamba jicho lake haliwezi kubeba kile ambacho jicho la jirani yake lilikibeba bila taabu. Kutazama mwenyewe na kuamua mwenyewe si anasa iliyoanza jana, ni kitu walichonyimwa babu zetu. Sisi tumekipata, na mara nyingi tunakitupa kando ya njia kwa hiari yetu kwa kuogopa kutofautiana na wenzetu watatu.

Nieleze kisa kingine, ambacho kiliwahusu watu wengi kuliko mimi na binamu yangu. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya iliipiga marufuku picha ya Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, kwa kuwa inasimulia mapenzi baina ya wasichana wawili wa Nairobi. Mwezi wa Mei ikaonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, nayo ikawa picha ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku ile kwa siku 7, ili watu wazima waliopenda waweze kuitazama; na katika jumba la Prestige, Barabara ya Ngong, watu wakapanga foleni. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba marufuku ilikuwa halali.

Sikuleti mbele ya picha hiyo ili uipende au uichukie; haikukusudiwa watu wa umri wako. Nataka usikie yaliyotokea katika chumba cha walimu nilimokuwa nikifanya kazi. Kabla ya zile siku 7 palizuka mabishano makali. Mmoja alisema picha ile ni uchafu mtupu. Mwingine akasema ni johari ya taifa. Sauti zikapanda, chai ikapoa, kengele ikalia wala hakuna aliyeinuka. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mkimya, akauliza ni nani kati yetu aliyekwisha kuiona. Hakuna. Aliyeiita uchafu hakuwa ameiona. Aliyeiita johari, ambaye moyoni nilikuwa upande wake, hakuwa ameiona. Nilipoulizwa msimamo wangu nilisema, "Sijaiona." Wakacheka pande zote mbili, na kwa muda wa juma zima niliitwa mwalimu asiye na msimamo. Nakiri kwamba jina lile liliniuma.

Najua utanijibu, na jibu lako lina nguvu. Utasema: je, ni lazima mtu anywe sumu ndipo ajue kwamba inaua? Hasha. Si lazima uitazame kila picha, na nyingine ni heri usizitazame. Mtu anaweza kusema, "Siendi, kwa sababu baba amenikataza," au, "Siendi, kwa sababu imani yangu hainiruhusu," naye amesema kweli tupu, kwa maana amesema habari zake mwenyewe. Anaweza hata kusema, "Fulani aliyeiona ameniambia hivi," nayo ni kweli. Lakini akisema "picha ile ni mbovu," amekwisha kuacha kusema habari zake. Amesema habari za kitu, na kitu hicho hajakiona. Baina ya sentensi hizo upo mpaka mwembamba kama uzi, nasi tunauvuka kila siku bila kuuona.

Tena kuna wanaodhani wameona, kumbe wamesimuliwa. Katika vibanda vya video vya Kawangware na mitaa mingine ya Nairobi, wasimulizi kama DJ Afro walijipatia sifa kubwa kwa kuzisimulia picha za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng, wakitia na mizaha yao humo humo. Napenda kuwasikiliza, sikufichi. Wako wanaosimulia vizuri kuliko picha yenyewe ilivyo. Lakini mwanafunzi wangu mmoja alipata kushindana nami nusu saa nzima juu ya maneno ya mchezaji mmoja wa China, naye akayanukuu kwa kicheko. Tulipoitazama ile picha bila msimulizi, mchezaji yule katika mahali pale hakufungua kinywa hata kidogo.

Nirudi kwa binamu yangu. Mwaka 2015 aliiona Nairobi Half Life katika televisheni ya rafiki yake, mtaani Kangemi. Jioni ile ile akanipigia simu. Hakunisalimu, jambo ambalo si desturi yake. Akasema, "Kaka, siku ile ulikuwa umelala?" Nikamwuliza siku gani. Akasema, "Yule kijana ni mimi. Gereji ni ile ile, jukwaa ni lile lile. Ulikaa ukanitazama saa mbili, kisha ukaja ukaniambia nisiende." Nikatafuta la kusema. Nilitaka kumwambia kwamba nililia, lakini neno hilo miaka mitatu baadaye lingekuwa na thamani gani? Wakati huo alikuwa amekwisha kukiacha kile kikundi cha kuigiza. Hakusema kwamba alikiacha kwa sababu yangu, na pengine si kwa sababu yangu; vijana huacha mambo mengi. Mimi sijapata kumwuliza.

Ilipotoka Supa Modo mwaka 2018, picha ya Likarion Wainaina, nilimwalika twende pamoja, nikamlipia. Ni hadithi ya Jo, mtoto wa kike mgonjwa mahututi, ambaye anatamani kuwa shujaa wa sinema mwenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake na watu wa kijiji wanashirikiana kumtimizia, na mama yake hapendezwi, maana anataka mtoto akae nyumbani apumzike. Kabla ya kuingia tuliwekeana sharti. Tukitoka hakuna atakayesema nzuri wala mbaya mpaka kila mmoja awe amemwambia mwenziwe kitu kimoja alichokiona.

Tukatoka, tukatembea kando ya Barabara ya Ngong tukiwa kimya, magari yakitupita. Nilikuwa nimetayarisha usemi wa mwalimu, mrefu, juu ya watu wa kijiji na umoja wao. Yeye akatangulia.

"Nilimwona mama," akasema. "Watu wote mle ndani walikuwa wakimkasirikia, nilisikia nyuma yangu wakiguna. Lakini mama yule si mkali, kaka. Alikuwa anahesabu siku."

Mimi mama yule nilikuwa nimemtazama kwa saa nzima na zaidi, na sikuwa nimeliona hilo. Nikamwomba anionyeshe ni mahali gani katika picha alipoliona, naye akaanza kunieleza tangu mwanzo, polepole, akisimama na kuigiza kwa mikono, hata tukaliacha gari la kwanza la Kawangware likaenda, na la pili.